Betri ya Gari Kuukuu: Mali ya Amana na Haki ya Jirani



Wasomaji wa safu hii wamezoea kutukuta katika mambo ya malezi, mirathi, matunzo ya wake na hesabu za Zaka. Wiki hii tunaomba ruhusa yao tuinue boneti la gari. Kitu tunachotaka kukizungumzia hakitajwi kwa jina lake katika vitabu vya fiqhi, lakini hukumu zake zimo humo zote: mali isiyotakiwa kupotezwa, biashara isiyotakiwa kuwa na ghishi, na jirani asiyetakiwa kudhuriwa. Tunakusudia betri, na khasa betri ya gari kuukuu.

Sababu ya kulileta jambo hili katika ukurasa wa familia ni hii. Kutoka Kendwa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa karibu kilomita 60. Hospitali ya Kivunge iko karibu zaidi, lakini nayo haifikiki kwa miguu na mama aliyeshikwa na uchungu. Saa nane za usiku hakuna daladala Kendwa wala Nungwi. Linalotegemewa ni gari la jirani, au gari la msikiti, lile lile ambalo asubuhi yake huenda likabeba jeneza. Magari hayo, kwa hali zetu, ni yale yaliyokwishatumika miaka mingi Japani kabla ya kuteremshwa bandarini, kisha yakaongezewa miaka mingine juu ya chumvi na mawe ya Unguja. Na mengi yao ni otomatiki. Zamani gari la gia za mkono lilisukumwa na vijana wanne likawaka. Noah ya otomatiki hata wakija vijana arobaini haiwaki kwa kusukumwa. Betri ikikataa, mgonjwa anabaki barazani.

Ukifungua daftari la matumizi ya gari lolote la jumuiya utalikuta neno "betri" likirudi kila baada ya mwaka, pengine chini ya hapo. Betri nzuri, hata katika joto letu, inategemewa kufika miaka miwili au mitatu, na ikitunzwa huvuka hapo. Inapokufa mapema, mara nyingi imeuliwa na kitu kingine, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari kikiisubiri betri ya pili. Kununua betri mpya kabla ya kukijua kilichoiua ya kwanza ni kuzichukua sadaka za Waislamu na kuzitia motoni. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mwenye gari lake binafsi anapoteza mali yake, ilhali anayesimamia mali ya wakfu anapoteza ya watu ambao wengine wao wamo makaburini na wanaitarajia thawabu yake.

Tueleze kidogo ilivyo. Betri za aina hii zilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tokea hapo asili yake haijabadilika sana: ni mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ndani ya kasha mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo, na jumla yake ni volti 12.6 hivi betri inapokuwa imejaa na imetulia. Kazi yake ni kutoa nguvu kubwa, ampea 100 au 200 na hata zaidi, kwa sekunde chache tu mpaka injini iitike. Baada ya hapo alteneta huchukua kazi yote na kuilipa betri kile ilichotoa. Kwa ajili hiyo mabamba yake yamefanywa membamba na mengi. Ni kama mkimbiaji wa mbio fupi: ukimtwisha gunia la mpunga mpaka Mkwajuni ataanguka njiani.

Wengi wetu tunakikumbuka kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Hata leo, umeme unapokatika, wapo wanaoing'oa betri ya gari jioni wakaifungia taa na televisheni, na asubuhi wakairejesha garini. Betri ya sola ina mabamba mazito na imekusudiwa kuteremka na kupanda kila siku. Ya gari ikiteremshwa mpaka chini mara chache tu, mabamba yake huganda salfeti na haitorudi ilivyokuwa. Mwenye kutaka taa ya nyumba anunue betri ya nyumba.

Adui mkubwa wa betri katika visiwa hivi ni joto. Wenzetu wa nchi za baridi huilaumu theluji, kwa sababu gari hukataa kuwaka asubuhi ya baridi kali, lakini mara nyingi betri iliyoshindwa wakati wa baridi ilikwishadhoofishwa na kiangazi kilichotangulia. Sisi hatuna baridi ya kuifichua, tunacho kiangazi peke yake. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kuwa kasi ya mabadiliko ya kikemia hukaribia kuzidi maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi, na chini ya boneti la gari lililosimama juani mwezi wa Februari joto hupita kwa mbali lile la hewa ya nje. Maji ya ndani hukauka, mabamba huliwa. Kivuli cha mwembe ni dawa isiyolipiwa, na uchafu wa kunguru juu ya paa la gari ni bei ndogo.

Kisha chumvi. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota juu ya vichwa vya betri hutokana na mvuke wa asidi, na upepo wa bahari huuongezea kasi. Unga huo ni ukuta. Huuzuia umeme kutoka wakati wa kuwasha, na huuzuia kuingia wakati wa kuchaji, kwa hiyo betri nzima huonekana maiti huku ikiwa hai. Tumeshuhudia zaidi ya mara moja gari likifufuka kwa birika la maji ya moto na kijiko cha magadi soda, baada ya mwenyewe kuwa amekwishakwenda kuomba mkopo wa betri mpya. Vifuniko vya vyumba vifungwe kwanza ili magadi yasiingie ndani, visha vichwa visuguliwe kwa brashi, vioshwe kwa maji safi, vikaushwe, vikazwe kwa spana namba 10, na vipakwe grisi juu. Mara moja kwa mwezi kwa gari la pwani si nyingi.

Liko pia tatizo ambalo ni letu khasa, watu wa misikiti. Gari la jumuiya hutumika kutangazia maziko na mihadhara. Husimama katika kila mtaa, injini ikazimwa ili sauti isikike vizuri, na kipaza sauti kikaendelea kuvuta betri. Kikivuta ampea 6 kwa muda wa saa mbili, zimeondoka ampea-saa 12, yaani zaidi ya robo ya betri ya kawaida ya ampea-saa 45. Kisha gari huegeshwa nyuma ya msikiti mpaka siku ya haja, likiwa na deni hilo. Hatusemi matangazo yaachwe. Injini iachwe ikinguruma, au baada ya tangazo gari litembezwe hadi Kidoti na kurudi ili betri ilipwe deni lake.

Na mwenye kusafiri kwenda Hijja naye anahusika. Gari lililozimwa halilali kabisa: saa, redio na kengele ya wizi huendelea kunywa kidogo kidogo, baina ya milliampea 20 na 50 kwa gari zima lisilo na hitilafu. Kwa milliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kila siku. Zizidishe kwa siku 40, utapata 48, nayo ni betri nzima na zaidi. Haji anarudi na maji ya Zamzam, familia imemsubiri, na gari limekufa. Angelilegeza tu waya wa hasi siku ya kuondoka akauweka pembeni, asingekuta hali hiyo. Ama taa za mbele zilizosahauliwa baada ya swala ya Isha, hizo huvuta ampea 10 hivi kwa pamoja, hazingojei Alfajiri.

Basi tuje katika kupima, kwa sababu hapa ndipo fedha inapookolewa. Mita ndogo ya kupimia volti haina bei ya kutisha, na tungependa kila msikiti wenye gari uwe nayo pamoja na pampu ya matairi. Ipimwe betri asubuhi kabla gari halijaguswa. Ikionesha volti 12.6 au karibu yake imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 na chini yake ni betri yenye njaa. Lakini njaa haina maana ya ugonjwa. Ichajiwe ijae, iachwe usiku kucha ikiwa imefunguliwa waya, ipimwe tena. Ikibaki juu, betri ni salama na mwizi yumo garini. Ikiteremka yenyewe pasi na kufungwa kitu, hapo betri imekwisha.

Kisha gari liwashwe na vipimo virudiwe injini ikizunguka. Inatakiwa ionekane baina ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa namba ni ile ile ya asubuhi au imeshuka, alteneta hailipi: mkanda umelegea, brashi zimekwisha, au waya umekatika. Ukiweka betri mpya hapo, itawasha gari siku mbili tatu kwa chaji iliyotoka nayo dukani, kila mtu atashukuru, kisha itakufa kama ya kwanza. Na ikiwa namba inapita 15, alteneta inailisha betri kupita kiasi na maji yanachemka. Dalili yake ni harufu kali na vyumba vinavyokauka kila wiki. Iwapo chumba kimoja tu ndicho kinachokauka na vyengine vitano vimejaa, basi chumba hicho kimekufa na betri hiyo haina tena dawa. Fundi umeme mwaminifu atayapima haya yote kwa robo saa. Fundi anayesema "betri" kabla ya kutoa mita mfukoni, tunawashauri ndugu zetu wamshukuru na waende kwa mwengine.

Likithibitika kuwa ni la kununua, linunuliwe kwa kusoma maandishi ya juu ya kasha. Betri ya Kijapani iliyoandikwa 55B24L inasema mambo manne. Namba 55 ni daraja la nguvu, wala si ampea-saa kama wengi wanavyodhani. Betri hiyo ina ampea-saa 45 kwa kipimo cha saa 20. Herufi B ni upana na kimo. Namba 24 ni urefu kwa sentimita. L huonesha upande kilipo kichwa cha chanya, na ikiwa gari lako linataka L ukapewa R, waya hazitofika, au fundi atazilazimisha zifike kinyume, na hapo utaunguza alteneta. Jina la zamani NS60, ambalo bado limo midomoni mwa wauzaji, ni umbo lile lile la B24. Tazameni pia unene wa vichwa. Umbo hilo huja na vichwa vyembamba au vinene, na tumeona vichwa vyembamba vikikazwa kwa kupachikwa msumari au kipande cha bati. Mguso wa namna hiyo hupata moto na kuharibu vichwa. Ipo pete ya risasi inayotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo ni ya bei ndogo.

Kubwa kuliko inayotakiwa haina faida ikiwa haikai katika kiti chake. Betri iliyofungwa kwa mpira wa tairi badala ya kibano chake hutikisika, na mtikisiko wa njia zetu za ndani huyapukutisha mabamba taratibu.

Watu hutuuliza pia kuhusu betri zilizofungwa moja kwa moja, zisizotiwa maji, na zile za vifuniko sita. Rai yetu, kwa gari kuukuu, ni za vifuniko, kwa sababu alteneta ya gari kuukuu haiaminiki sana na betri ya vifuniko inaweza kurudishiwa maji iliyopoteza. Ila kwa mtu asiyeinua boneti mwaka mzima, bora anunue iliyofungwa. Atakayenunua betri kavu ya kutiwa asidi pale pale dukani asikubali kuondoka nayo papo hapo. Ikishatiwa asidi iachwe itulie nusu saa, kisha ichajiwe ijae ndipo ifungwe.

Sasa ghishi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mwenye kuuza chakula, akaingiza mkono ndani ya rundo akakuta unyevu chini yake, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Kisa hiki kimepokewa na Imamu Muslim na kila mtoto wa madrasa anakijua. Rundo la leo ni betri iliyotumika, ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikachajiwa usiku, ikauzwa asubuhi kwa jina la mpya. Kuuza betri iliyotumika si haramu; kuuficha utumikaji wake ndiko kulikokatazwa. Mnunuzi naye afumbue macho. Vichwa vya betri mpya vinang'aa na havina alama za spana. Tarehe ya kutengenezwa iwepo, kwani hata betri mpya iliyokaa rafuni zaidi ya mwaka bila ya kuchajiwa imeanza kuganda salfeti. Iombwe mita pale pale: chini ya 12.4 iachwe. Stakabadhi itolewe yenye tarehe, na tarehe hiyo hiyo iandikwe kwa wino usiofutika juu ya kasha, ili miaka miwili baadae pasiwe na ubishi baina ya mwekahazina na dereva.

Kufunga na kufungua kuna adabu yake. Waya wa hasi hufunguliwa mwanzo na hufungwa mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi huku ikiwa juu ya chanya hutoa cheche kali. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, nayo hulipuka. Kwa hiyo asiangalie mtu kiwango cha maji kwa kiberiti, na asisogee mvuta sigara. Hata wakati wa kuazima moto kwa gari jengine, ncha ya mwisho ya waya mweusi isifungwe juu ya betri iliyokufa. Ifungwe kwenye chuma cha injini, mbali nayo. Asidi ikiruka machoni, ni maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Kuhusu maji ya kuongeza, neno "maji ya betri" limechanganywa mno. Betri inayotumika hupoteza maji tu, asidi haipotei, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke, mpaka yafunike mabamba kwa kiasi cha sentimita moja. Asidi isiongezwe. Maji ya visima vya Kendwa, ambayo kila mwenye kuyanywa anaijua ladha yake, yana chumvi inayoyaua mabamba. Vijana wanaofanya kazi mahotelini huleta madumu ya maji yanayodondoka kutoka viyoyozi na kudai ni sawa. Ni afadhali kuliko ya kisima, lakini yameosha vumbi na madini ya mashine njiani, na chupa ya maji halisi haina bei ya kuifanyia hila. Wala asidi iliyobaki isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Watoto wanakunywa.

Tumefika kwa betri iliyokufa kweli. Kwanza ni mali. Duka hupunguza bei kwa anayerudisha kuukuu, na wanunuzi wa vyuma chakavu huilipia. Betri ya gari la msikiti ni ya msikiti hata ikiwa imekufa, na fedha yake hurudi mfukoni mwa msikiti na kuandikwa. Fundi akiiomba kama zawadi, mwekahazina hana ruhusa ya kutoa zawadi ya mali isiyokuwa yake.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni sumu. Risasi iliyomo katika betri moja ya gari dogo ni kilo kadhaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi katika damu kisichokuwa na madhara. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mwili wake huifyonza kwa wingi kuliko wa mtu mzima na ubongo wake bado unajengwa. Akili aliyopunguziwa mtoto kwa njia hii hairudi.

Wasomaji wasidhani haya ni mambo ya viwanda vya mbali. Pale Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi karibu na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mtoto wake mchanga ana risasi katika damu. Alisimama akapiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu. Ama kwa ndugu zetu wa Senegal hali ilikuwa chungu zaidi. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, pwani ya Dakar, hapakuwa na kiwanda. Palikuwa na watu wa kawaida waliokuwa wakivunja betri na kuchekecha mchanga wenye risasi, wengine wakiuchukua majumbani. Baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Ni pwani ya Waislamu na ya wavuvi, kama yetu. Na hapa tunasema na watu wetu bila ya kuficha: risasi ya betri kuukuu hutafutwa na wavuvi ili iyeyushwe iwe chubwi za nyavu na mishipi. Kazi hiyo hufanywa uani, juu ya mafiga, pengine katika sufuria ambayo kesho itarudi jikoni. Kabla ya kuyeyushwa, asidi humwagwa chini. Ardhi ya Kendwa ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu; kinachomwagwa juu hakikawii kufika kwenye maji ya chini, na kisima cha jirani kiko hatua chache. Moshi huingia mapafuni, vumbi hukaa juu ya nguo za baba, na baba humkumbatia mtoto anaporudi. Kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kulipiza madhara haihitaji ufafanuzi mrefu katika hali hii. Riziki ya uvuvi ni halali, lakini uani kwa nyumba hakufai kuyeyushia risasi hata mara moja. Wazee walivua kwa chubwi za mawe, na vipande vya chuma vinazama vile vile.

Kinachotakiwa ni chepesi. Betri iliyokufa isimamishwe wima ndani ya beseni la plastiki, vifuniko vikiwa vimefungwa, pahala penye kivuli pasipofikiwa na watoto, na irudishwe dukani nzima na maji yake siku ile ile inaponunuliwa nyengine. Anayekuja mlangoni na mizani akataka kwanza asidi imwagwe ili apime risasi tupu, asiuziwe.

Ikiwa katika nyumba palishawahi kuyeyushwa risasi, na mna mtoto anayelalamika tumbo mara kwa mara, asiye na hamu ya kula, aliyezidiwa na usingizi au aliyepatwa na degedege bila ya homa, apelekwe hospitali, na mzazi amwambie daktari waziwazi kilichokuwa kikifanyika uani. Daktari asipoambiwa atatafuta malaria na minyoo. Mchanga wa pahala pale usichezewe, usifagiliwe ukiwa mkavu. Umwagiwe maji kwanza. Na makasha matupu ya betri, ambayo tunayaona katika nyua nyingi, yasitumiwe kunyweshea kuku wala kuoteshea mchicha.

Wabillahi tawfiq.